Mama Peres wa Satellite, Aliyeketi Benchi la Wageni Miaka Tisa

Mwaka 1954, wakati wa kupalilia mtama, katika kijiji kimoja ng'ambo ya mto Yala, mke wa mfuma vikapu alijifungua mtoto wa kike, wa tano na wa mwisho. Wakamwita Awuor, na siku ya ubatizo akaongezewa jina la Peres. Huyo ndiye ambaye sisi wa Satellite tulimjua kama Mama Peres. Naandika habari zake kwa ajili ya watoto wetu, wasije wakadhani kwamba watakatifu wote waliishi zamani, katika nchi za mbali, wakiwa na duara la mwanga kichwani. Huyu wetu alivaa gambuti. Alipanga foleni ya maji pamoja nasi, mtungi mkononi, na maji yalipokatika alirudi nyumbani na mtungi mtupu kama sisi wengine.

Shuleni alifika darasa la nne tu, kwa maana baba yake alifariki na ndugu zake wa kiume wakapewa nafasi ya kuendelea. Binti yake Maurine, aliyenipa habari nyingi za utotoni, anasema kulikuwa na shangazi mmoja mwenye kikohozi kikali aliyetengwa katika kibanda nyuma ya boma. Watoto waliotumwa kumpelekea uji waliuweka mlangoni wakakimbia. Peres aliketi ndani na shangazi mpaka bakuli likaisha, kisha akalirudisha jikoni. Alipochapwa kwa kosa hilo alimwambia mama yake, "Uji ukipoa hanywi." Alichapwa tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka mama yake akachoka.

Mwaka 1973 aliolewa na Zadock Obuya, tarishi katika ofisi moja katikati ya jiji la Nairobi, na miaka mitatu baadaye akamfuata huku. Walipanga chumba kimoja hapa Satellite, hatua chache kutoka barabara ya Naivasha, chumba chenye mlango wa mabati na dirisha moja. Humo ndimo alimoishi mpaka kufa kwake. Zadock alikwenda mjini kwa miguu na kurudi kwa miguu, siku nzima akibeba bahasha za watu wakubwa kutoka jengo hadi jengo, na Peres alipenda kusema kwamba katika majengo yote hayo hakuna aliyelala usingizi mzuri kuliko mumewe. Walibatizwa tena, pamoja, mwaka 1981 katika kanisa letu, Kanisa la Roho wa Amani. Mwaka 1989 Zadock aliugua siku sita akafariki, akamwachia Peres mtoto wa miaka tisa na kodi ya chumba.

Hapa yanipasa kueleza jambo la kanzu, kwa faida ya wasomaji wasio wa kanisa letu. Kila mmoja wetu hupewa kanzu nyeupe siku ya ubatizo, nayo ni moja kwa maisha yote. Ikichanika huwekwa kiraka. Kila Jumapili tunavua viatu, tunavaa kanzu, tunazunguka mitaani na bendera na ngoma, kisha tunaingia kanisani. Muumini akifa huzikwa ndani ya kanzu hiyo, na ngoma hupigwa toka nyumbani kwake hadi kaburini ili mbinguni wasikie kwamba anakuja. Baraza la wazee laweza kumnyang'anya kanzu mtu aliyekosa. Asiye na kanzu huketi kwenye benchi la wageni karibu na mlango, na akifa kabla hajarudishiwa huombewa tu, pasipo bendera wala ngoma. Kwetu sisi hilo si jambo dogo. Nimeona wazee wakali wakilia kwa kulifikiria tu.

Baada ya kufiwa Peres alitafuta kazi akaipata machinjioni Dagoretti, kazi ambayo wengi waliikimbia, ya kuosha matumbo. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa pale, gambuti miguuni, kisu butu mkononi, akigeuza utumbo nje ndani, akiuparua ndani ya maji ya moto mpaka ule weusi wote utoke na nyama ibaki nyeupe. Aliosha mara tatu palipotakiwa mara moja. Malipo mengine yalikuwa ya nyama yenyewe: kipande cha utumbo, kwato, wakati mwingine kichwa. Aliyefanya kazi karibu naye alikuwa Millicent, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi, ambaye bado yuko hai na ndiye shahidi wangu kwa mambo ya machinjioni. Millicent asema wanawake wengine walilaani kazi ile toka asubuhi hadi jioni, na Peres, ambaye yeye humwita Mama Mau kwa jina la Maurine, alikuwa akiimba. "Nilikuwa namuuliza, Mama Mau, unaimbia nani, huyu ng'ombe ashakufa? Ananiambia, naimbia atakayekula."

Kanisa letu lina sheria ya kale kwamba damu ya mnyama isiingie patakatifu. Kwa sababu hiyo wazee walimruhusu Peres afanye kazi ile kwa sharti moja, kwamba kanzu yake isikaribie machinjioni wala isionekane na doa. Alikubali. Aliitundika kwenye msumari, ndani ya mfuko wa nailoni, na Jumamosi jioni alikoga mara mbili kabla hajaigusa. Hata hivyo wako waliosogea mbali alipowakaribia, wakishika pua, na sitaficha kwamba miongoni mwao walikuwamo wazee wa kanisa.

Wito wake ulimjia mwaka 1995. Katika ploti yao ya vyumba vya kupanga aliishi mwashi mmoja, Ngui, mtu wa Machakos, aliyepatikana na kifua kikuu. Zahanati ilimpa dawa za bure, lakini dawa zile ni kali, zataka tumbo lenye chakula, na Ngui hakuwa na wa kumpikia. Alizimeza na maji matupu, akazitapika, akaamua kuziacha. Jioni moja Peres aliingia na sufuria ya supu ya matumbo. Akamnywesha, akangoja, akampa vidonge, akangoja tena, akaondoka alipoona vimetulia. Kesho yake alirudi. Alirudi kwa miezi minane. Ngui alipona, akarudi kwenye mjengo, na ameniambia mwenyewe kwamba alikuwa tayari ameshamwagiza kaka yake aje kuchukua vyombo vyake. Kanisani tumezoea kwamba wito huja kwa ndoto au kwa sauti, basi Peres alipoulizwa na wazee kama amesikia sauti, alijibu, "Hapana. Niliona bakuli tupu."

Tangu hapo kila jioni saa kumi na moja alitoka na ndoo yenye kifuniko, akazunguka Satellite na Kawangware. Miaka ile ugonjwa wa kifua ulikuwa aibu kubwa. Watu walisema mwenye kifua ana ule ugonjwa mwingine, na aliyejulikana alifukuzwa chumbani, akaachwa na mchumba, vikombe vyake vikavunjwa. Kwa hiyo Peres aliingia kila nyumba kama mchuuzi wa supu, akipiga kelele mlangoni, "Supu! Supu ya moto!" ili majirani wasikie biashara tu. Hakuandika jina la mgonjwa popote. Hakumtaja mgonjwa mmoja kwa mwingine, hata kama waliishi ukuta kwa ukuta. Maurine asema hata yeye aliyekatakata vitunguu vya supu hakujua ilikuwa inakwenda kwa nani. Ndiyo sababu hatuna hesabu kamili ya aliowahudumia. Waliojitokeza wenyewe baada ya kifo chake ni mia moja na arobaini na moja.

Mwaka 2003 alijaribiwa kwa mafanikio, jaribu ambalo wengi huanguka nalo bila kujua kwamba ni jaribu. Bwana Sharif, mtu wa Lamu mwenye hoteli ya chakula karibu na mtaa wa Biashara mjini, alikuwa akinunua matumbo ya Dagoretti, akataka kumwona anayeyaosha. Alikuja machinjioni na kanzu yake safi, akasimama katika matope, akasema, "Mama, mimi nimekula matumbo tangu utoto, na sijapata kuona yaliyooshwa hivi. Hata chembe ya mchanga hakuna! Njoo mjini uwe msimamizi wa jiko langu. Mshahara wa kila mwezi, na chumba cha juu, chenye maji ndani."

"Kazi inaisha saa ngapi, baba?"

"Saa mbili usiku, mama yangu. Hoteli hiyo, si duka la vitabu."

"Basi haiwezekani. Saa kumi na moja niko na watu wangu."

"Watu gani hao? Wanao?"

"Ni watu tu."

Millicent alikuwa akisikiliza na kisu mkononi. "Sharif, nichukue mimi! Mimi sina watu!" Wakacheka wote watatu. Bwana Sharif hakumsihi zaidi, ila tangu siku hiyo hadi mwaka wa kifo cha Peres alimletea kila Ijumaa mfuko wa tangawizi, vitunguu na viungo, bila kuuliza vilitumikaje. Wapo waliomwita Peres mjinga kwa kuachia nafasi ile. Mimi niliyesoma kwa taa, katika darasa la jioni, nikiwa na umri wa kuwa na wajukuu, kwa sababu nilitaka kupanda juu, nakiri kwamba nilikuwa mmoja wao. Nilidhani mtu asiyepanda amesimama. Sikuona kwamba yeye alikuwa na mahali anakokwenda kila siku, na kwamba wengi wetu tunaopanda hatuna.

Sasa nafika kwenye jaribu kuu. Katika kwaya yetu alikuwako msichana aitwaye Jacklyne, mwenye sauti ambayo wapita njia husimama kuisikiliza. Alikuwa amechumbiwa na Clifford, mpiga ngoma mkuu, na arusi ilikuwa ifanyike Desemba ya mwaka 2009. Mwezi wa Machi mwaka huo Jacklyne alipatikana na kifua kikuu. Alituambia anakwenda nyumbani Busia kumuuguza bibi yake, kumbe amejifungia katika chumba cha rafiki huko Kawangware, na aliyejua ni Peres peke yake. Siku ya kwanza alimshika mkono akamwambia, "Mama, usiniseme. Cliff akisikia ameniacha." Peres akamjibu, "Sina mdomo mimi. Kunywa."

Jumapili ya Pasaka, asubuhi, Peres akiwa tayari amevaa kanzu, alipitia kwa Jacklyne amnyweshe kabla ya ibada. Alimkuta ameanguka chini kwa udhaifu. Alipombeba kumrudisha kitandani, mgonjwa alishindwa kujizuia akamlowesha. Sasa, dawa ya kifua ina tabia ambayo wahudumu wa zahanati huwaambia wagonjwa mapema wasiogope: hugeuza mkojo na jasho rangi nyekundu inayoelekea machungwa, nayo ikishika nguo nyeupe haitoki. Peres aliisuuza kanzu kwa maji baridi, akaiona imetakata kwa kuwa ilikuwa imelowa, akakimbilia maandamano. Tulizunguka na bendera kutoka Satellite hadi karibu na Dagoretti Corner na kurudi, jua likiwaka. Kanzu ikakauka mwilini mwake. Na ilipokauka, mbele ya kanisa zima, doa lilitokea kuanzia kifuani hadi magotini, jekundu lililofifia, mfano kamili wa damu iliyooshwa isitoke. Ngoma zilinyamaza moja baada ya nyingine.

Baraza liliketi Jumatano. Mwenyekiti alikuwa Mzee Hezekiah, mtu mnyofu, mkali kwa nafsi yake kuliko kwa wengine. Mimi nilikuwa karani, na kumbukumbu ziko katika mwandiko wangu. Mzee Hezekiah alianza kwa upole. "Mama Peres, sisi tunakujua. Sema tu ni damu ya machinjioni, ilikupata kwa bahati mbaya. Utafunga siku saba, kanzu itaombewa, utaivaa, mambo yaishe."

"Si damu ya machinjioni, mzee."

"Basi ni nini?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi ama hutaki?"

"Siwezi."

Mzee mmoja akasema chini chini, "Labda ni juisi," na wengine wakacheka. Mzee Hezekiah aligonga meza. "Peres! Mbele ya Mungu hakuna siri."

"Yeye anajua, mzee. Ninyi ndio sijawaambia."

Baraza lilichukizwa sana na jibu hilo. Niliandika hukumu kwa mkono huu: anyang'anywe kanzu, iwekwe katika sanduku la kanisa, asirudishiwe mpaka atakapotamka asili ya lile doa. Tazameni, ndugu zangu, jinsi mlango ulivyokuwa wazi. Uongo mdogo mmoja, tena uongo ambao wazee wenyewe walimpikia na kumpakulia, ungemrudishia kanzu yake baada ya siku saba. Neno moja la kweli lingemrudishia siku hiyo hiyo. La kwanza lilikuwa dhambi, la pili lingemharibia msichana wa watu maisha, na yeye alikuwa ameahidi. Alivua kanzu, akaikunja, akaiweka mezani, akatoka na gauni lake la kazini. Saa kumi na moja jioni ile alionekana Kawangware na ndoo yake.

Machinjioni Millicent alimvamia. "Wewe Mama Mau uko na wazimu? Si useme tu ni damu! Mungu mwenyewe anajua ng'ombe wa Dagoretti wako na damu!"

"Haikuwa ya ng'ombe."

"Na hao wazee watapima?"

"Mimi nitajua, Milli."

Jacklyne alipona, akarudi kwaya akiwa amenenepa, akaolewa Desemba kama ilivyopangwa. Peres alipika arusini, akala na wapishi. Na hivyo ikawa kwamba kwa miaka tisa, kila Jumapili, Jacklyne aliimba mbele amevaa kanzu nyeupe, na Peres akaketi kwenye benchi la wageni karibu na mlango, pamoja na wapita njia, walevi waliokimbia mvua, na watu walioogopa kuingia ndani zaidi. Hakumkazia jicho hata mara moja. Walipokutana nje alimuuliza lile lile alilowauliza wote: "Umekula?"

Mambo yaliyotokea kwenye benchi lile ni miongoni mwa yale tunayoyahesabu kuwa maajabu yake. Mgeni aliyeingia alimkuta yeye kwanza. Alimsogezea nafasi, akamwonyesha ukurasa wa wimbo ijapokuwa yeye mwenyewe alisoma kwa shida, na ibada ikiisha akamuuliza kama amekula. Wageni walirudi. Mwaka wa pili fundi alilazimika kuongeza benchi jingine nyuma ya lile, na mwaka wa tano yalikuwa manne. Theluthi moja ya waumini wanaovaa kanzu leo hapa Satellite waliingia kwa mlango ule, na wengi wao walidhani yule mama asiye na kanzu ni mgeni mwenzao aliyetangulia kidogo.

Mwanzoni mwa mwaka 2018 moyo wake ulianza kushindwa. Miguu ilivimba, gambuti zikakataa kuingia. Machi alilala kabisa. Mzee Hezekiah, ambaye naye alikuwa na miaka themanini na mkongojo, alikwenda mwenyewe chumbani kwake, nami nilimsindikiza. Akaketi kwenye stuli, akasema, "Dada yangu, nisaidie. Nitakuzika vipi bila ngoma? Sema neno moja. Mimi na wewe tu, hata karani atatoka."

Niliona kwamba Peres alimhurumia. "Umetoka mbali na hiyo miguu, mzee. Maurine, mpe chai."

Jumapili iliyofuata Mzee Hezekiah alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba dada yetu Peres yu karibu kuondoka, kwamba hakutamka, na kwamba sheria ni sheria: ataombewa, lakini hakutakuwa na bendera wala ngoma. Akaiomba kwaya iimbe. Jacklyne alianza ubeti wa kwanza, akakatika. Akaanza tena, akakatika. Kisha akaivua kanzu yake pale pale mbele, akabaki na gauni la nyumbani, akasema maneno ambayo hakuna aliyekuwapo atakayeyasahau.

"Ile haikuwa damu. Ilikuwa mkojo wangu. Nilikuwa na TB. Alikuwa amenibeba."

Clifford alikuwa nyuma ya ngoma kubwa, fimbo mikononi. "Jacky," akasema, kana kwamba walikuwa wawili tu chumbani, "mbona hukuniambia?"

"Ungenioa?"

Clifford ni mtu wa kweli, na alijibu kweli. "Sijui."

"Ndiyo hivyo. Na mimi sikujua. Miaka tisa nimemwona pale mlangoni, kila Jumapili nasema leo nitasema, leo nitasema. Na yeye ananiuliza kama nimekula."

Mzee Hezekiah aliketi kwenye ngazi ya madhabahu kama mtoto, akafunika uso. Clifford akaweka fimbo chini, akamwendea mkewe, akaiokota ile kanzu sakafuni akamvisha, akamfunga mshipi. Kisha akarudi kuiinua ngoma akaitundika begani. "Mnangoja nini? Fungueni sanduku. Twendeni tukamkute angali hai."

Tulikwenda wote, zaidi ya watu mia tatu, na bendera mbele, na wageni wa yale mabenchi manne wakiwa wa kwanza. Wenye maduka walitoka nje wakidhani ni msiba. Chumba hakikutosha hata wazee, wengine wakasimama uani kati ya kamba za nguo. Mzee Hezekiah aliingia na kanzu mikononi, ile ile, doa likiwa kifuani mpaka magotini. Wazee walikuwa wamezungumza njiani kumshonea mpya, naye akamwuliza ni ipi anayoitaka. Tena, kwa kuwa tulikuwa tumeaibika, nadhani sote tulitarajia akatae zote mbili, aseme kwamba kanzu si kitu, kwamba yake iko mbinguni. Maneno ya namna hiyo tungeyaandika ukutani.

Akanyoosha mikono yote miwili. "Nipeni hiyo yangu. Niliitaka kila Jumapili."

Mzee Hezekiah alisema, "Sisi tulidhani umeridhika, dada."

"Niliridhika. Nilikuwa na kazi."

Nimeyafikiri maneno hayo kwa miaka sasa, na nimesoma vitabu vingi vya wenye elimu juu ya kuishi kwa utulivu, na sijapata mahali yaliposemwa vizuri zaidi. Nilikuwa nikidhani aliyeridhika ni yule asiyetaka kitu. Peres alitaka. Aliumia kila Jumapili kwa kutaka. Ila kutaka kwake hakukumwondoa jioni hata moja kwenye kazi aliyojua ni yake, na hiyo ndiyo amani niliyoiona usoni mwake, nikaiita ujinga.

Jacklyne alipiga magoti kando ya kitanda. Peres aliweka mkono juu ya kichwa chake, akasema, "Umechelewa, lakini umesema. Nyamaza sasa, mwanangu, unaniloweshea tena." Watu walicheka na kulia pamoja. Alifariki siku kumi na tano baadaye, tarehe 9 Aprili 2018, asubuhi, amevaa kanzu. Wanawake waliouosha mwili, Millicent akiwamo, wanashuhudia kwamba chumba kilijaa harufu kama ya nguo zilizoanikwa juani, ijapokuwa ilikuwa wiki ya mvua na hapakuwa na nguo kavu ploti nzima. Mimi sikuwamo, naandika walivyosema. Clifford alipiga ngoma toka Satellite hadi kwenye gari, na huko Yala akaipiga tena toka barabarani hadi kaburini, kilomita nne, akikataa kupokewa. Bwana Sharif alikuja na wanawe wawili akasimama na watu wa nyumbani, na Ngui mwashi ndiye aliyejenga kaburi kwa mikono yake.

Mwezi huo huo baraza, kwa hoja ya Mzee Hezekiah mwenyewe, liliifuta ile sheria ya kumnyang'anya mtu kanzu kwa ajili ya doa, na mwandiko wa kuifuta ni wangu pia. Naona fahari juu ya mistari hiyo sita kuliko cheti changu cha shule ya jioni. Leo hapa Satellite hakuna anayesimama mlangoni kukagua pindo za kanzu. Ndoo inatembea bado saa kumi na moja: Jacklyne anaibeba siku tatu, wengine wanagawana zilizobaki, na supu inapigiwa kelele kama ya biashara. Nawaambia wageni kutoka makanisa makubwa ya mjini, bila kuona haya, kwamba sisi tuna mtakatifu wetu, na kwamba alikuwa muosha matumbo.

Anayetaka kumwiga asianze kwa kutafuta kanzu. Aanze na jirani ambaye hajaonekana dukani tangu juzi. Achukue kitu cha moto, abishe hodi, aketi mpaka bakuli liishe. Na akitoka, wakimuuliza mlangoni kuna nini mle ndani, aseme alikuwa akiuza supu.